Dola za fedha za Marekani: Kwa nini mkusanyiko kamili ni mgumu kuupata?

Orodha ya dola za fedha za Marekani zijulikanazo kwa jina la Morgan ina sarafu 96. Nyingi kati ya hizo, zikiwa zimechakaa kwa matumizi, huuzwa kwa bei isiyoachana sana na thamani ya madini yaliyomo. Lakini tatu au nne tu zinaweza kumgharimu mkusanyaji kuliko zote zilizosalia zikijumlishwa. Ugumu huo haukutokana na uzuri wa sarafu wala umri wake. Ulitokana na maamuzi ya kisiasa yaliyopeleka mamia ya mamilioni ya sarafu hizo kwenye tanuri.

Orodha inavyohesabiwa

Dola ya Morgan ilianza kutolewa mwaka 1878 na kuendelea hadi 1904, kisha ikarejea mwaka 1921. Inaitwa kwa jina la mchongaji wake, George T. Morgan, Mwingereza aliyeajiriwa na kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Upande wa mbele una kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru, na upande wa nyuma una tai aliyekunjua mabawa. Uzito wake ni gramu 26.73 na kipenyo chake ni milimita 38.1. Asilimia 90 ni madini ya fedha na asilimia 10 ni shaba.

Sarafu hizo zilipigwa chapa katika viwanda vitano. Zile za Philadelphia hazina alama. Nyingine zina herufi ndogo upande wa nyuma, chini ya tai: O kwa New Orleans, S kwa San Francisco, CC kwa Carson City na D kwa Denver. Mkusanyaji huhesabu kila mwaka na kila kiwanda kuwa sarafu ya pekee, na kwa njia hiyo hufika 96. Baadhi huongeza dola za Amani zilizochongwa na Anthony de Francisci baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Hizo ni 24, za miaka 1921 hadi 1928, kisha 1934 na 1935.

Utaratibu huu unatofautiana na ule wa dola ya Maria Theresa, sarafu ya fedha iliyozoeleka zamani Ethiopia, Uarabuni na katika pwani ya Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo. Hiyo iliendelea kupigwa chapa yenye mwaka uleule wa 1780 hata karne ya ishirini, kwa hiyo tarehe yake haimwambii mtu ilitengenezwa lini. Kwa dola ya Morgan, tarehe na herufi ndizo zinazobeba thamani.

Sarafu nyingi kuliko mahitaji

Mwaka 1878 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoitaka Hazina ya nchi hiyo kununua madini ya fedha yenye thamani ya kati ya dola milioni 2 na milioni 4 kila mwezi, na kuyageuza kuwa sarafu. Walioishinikiza serikali walikuwa wachimbaji wa majimbo ya magharibi, ambako migodi ilikuwa ikitoa fedha nyingi na bei ikishuka, pamoja na wakulima wenye madeni waliotaka pesa zaidi katika mzunguko.

Wananchi wa majimbo ya mashariki hawakupenda kubeba sarafu nzito mfukoni. Walipendelea noti za karatasi zilizodhaminiwa na sarafu hizo. Matokeo yake, mamilioni ya dola zilizotoka kiwandani ziliwekwa katika magunia ya sarafu 1,000 kila moja na kufungiwa katika maghala ya Hazina bila kuguswa. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya sarafu milioni 650.

Tanuri la mwaka 1918

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vikiendelea, Uingereza ilikabiliwa na uhaba wa fedha nchini India, koloni lake. Watu walianza kushuku noti za rupia na kudai sarafu za fedha badala yake. Marekani ilikubali kuisaidia. Sheria ya Pittman ya mwaka 1918, iliyopewa jina la seneta wa jimbo la Nevada, iliruhusu dola za fedha ziyeyushwe na madini yake kuuzwa.

Sarafu 270,232,722 ziliyeyushwa, na sehemu kubwa ya madini hayo ikauziwa Uingereza kwa ajili ya India. Sheria hiyohiyo iliitaka serikali inunue fedha kutoka migodi ya Marekani ili kutengeneza sarafu mbadala. Ndiyo sababu dola ya Morgan ilirudi mwaka 1921, zikapigwa chapa zaidi ya milioni 86 ndani ya mwaka mmoja.

Kwa wakusanyaji, jambo zito ni kwamba hakuna kumbukumbu iliyowekwa kuhusu miaka na viwanda vya sarafu zilizoingia kwenye tanuri. Daftari la kiwanda linaeleza ngapi zilizaliwa. Halielezi ngapi zilinusurika.

Wingi wa daftarini si wingi wa sokoni

Mfano unaotajwa sana ni dola ya New Orleans ya mwaka 1903. Zilitengenezwa takriban milioni 4.4, lakini kwa miongo mingi ilikuwa adimu kiasi kwamba isiyotumika iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 1962 Hazina ilifungua magunia yaliyokuwa yamesahaulika ghalani, na sarafu hiyo ikajitokeza kwa maelfu. Bei ikaporomoka mara moja, na walioinunua kama akiba ya maisha wakabaki na kipande cha fedha cha kawaida.

Dola ya Carson City ya mwaka 1884 ina kisa kinachofanana. Zilitengenezwa 1,136,000, idadi ndogo kwa kipimo cha wakati ule. Hata hivyo, Hazina iliposimamisha utoaji wa dola za fedha mwezi Machi 1964, ilibainika kuwa zaidi ya 960,000 kati ya hizo bado zilikuwa ghalani. Serikali iliziuza kwa umma pamoja na nyingine, karibu milioni 3 kwa jumla, kati ya 1972 na 1980. Leo sarafu hiyo hupatikana kwa urahisi, tena ikiwa mpya.

Kwa upande mwingine, dola ya San Francisco ya mwaka 1893 haikupata magunia ya kuiokoa. Zilipigwa chapa 100,000 tu, katika mwaka ambao uchumi wa Marekani uliyumba na ununuzi wa fedha wa serikali ukafutwa. Hata iliyochakaa huuzwa kwa maelfu ya dola.

Ya Philadelphia ya mwaka 1895 ni fumbo zaidi. Vitabu vya kiwanda vinataja sarafu 12,000 za matumizi ya kawaida, ila hakuna hata moja iliyopata kuthibitishwa. Zinazojulikana ni zile tu zilizotengenezwa kwa ustadi maalumu ili kuuzwa kwa wakusanyaji. Hizo zilikuwa 880.

Herufi moja, hasara kubwa

Palipo na tofauti kubwa ya bei, walaghai hawakosekani. Mbinu ya kawaida ni kuchukua dola halisi ya bei nafuu na kubandika herufi S au CC upande wa nyuma. Uzito hauonyeshi tatizo na madini ni yaleyale. Sumaku nayo haisaidii, kwa kuwa fedha halisi hainaswi na sumaku.

Kinachomfichua mlaghai ni upande ambao hakuugusa. Sarafu zote halali za San Francisco za mwaka 1893 zilipigwa kwa muhuri mmoja wa upande wa mbele. Muhuri huo uliacha mstari mdogo wa mshazari juu ya herufi T katika neno la Kiingereza lenye maana ya uhuru, lililo kwenye taji la mwanamke. Mstari huo ukikosekana, sarafu ina mashaka hata kama S yake inapendeza.

Kuna pia nakala bandia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hizo mara nyingi hukosea uzito au kipenyo, na mizani ndogo ya sonara huweza kuzibaini. Kwa sarafu za bei kubwa, wanunuzi hutegemea kampuni zinazothibitisha sarafu, kuipa daraja kati ya 1 na 70 na kuifunga katika kasha lenye namba. Namba hiyo yafaa ihakikiwe katika orodha ya kampuni husika kabla ya malipo, kwani makasha nayo hughushiwa.

Mkusanyaji mpya huanza na sarafu za kawaida, ambazo humzoesha jicho kwa gharama ndogo. Hazisuguliwi wala kusafishwa, kwa sababu mng'ao wa kusugua huharibu uso wa sarafu na kushusha bei. Huhifadhiwa mahali pakavu, mbali na mifuko ya plastiki laini ambayo huacha utando wa kijani juu ya fedha. Tena ununuzi hautaki haraka: mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kuhusu ile dola ya Philadelphia ya mwaka 1895, wakusanyaji wengi wameamua kutoihesabu, kwa kuwa haikupata kuonekana katika matumizi ya kawaida. Kwao orodha hufungwa kwenye sarafu 95, na mkusanyiko huo hutambuliwa kuwa kamili.