Nguvu Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka pale Sirari hakubali mkopo wa unga upite bila kuuandika. Lakini mtu huyohuyo, jioni akienda kunyanyua vyuma, haandiki chochote. Muulize mwezi uliopita alinyanyua kilo ngapi, atakukunjia mkono uone msuli.

Mkono haujibu swali hilo. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijanenepa, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuitumia vizuri misuli iliyopo. Anayetegemea kioo peke yake hukata tamaa wiki ya nne, wakati nguvu zimeshaanza kuja. Kilo na hesabu ya marudio ndizo zingemwambia hivyo.

Wagiriki wa kale walisimulia kisa cha Milo wa Croton, mpiganaji mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Mfugaji wa Tarime au Serengeti atacheka. Ndama wa kienyeji huzaliwa na kilo kama 20, na hakuna bega linaloweza kumfuata hadi mwisho. Hata hivyo kisa kimebeba kanuni yenyewe: mzigo uongezeke kidogo kidogo, nao mwili utaufuata. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika jinsi alivyowatibu askari wenye magoti dhaifu kwa kanuni hiyo. Alitafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10 na si 11, kisha akaupima upya na kuuongeza kadiri nguvu zilivyorudi. Ndama hukua mwenyewe. Chuma hakikui, kwa hiyo ni lazima wewe uamue lini kiongezwe, na bila kumbukumbu utakuwa unabahatisha tu.

Kwanza, ujue unanyanyua nini. Vyuma vingi vya mtaani kwetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Kopo la lita 4 likijaa zege hukaribia kilo 10, lakini fundi asipokuwa makini upande mmoja huzidi mwingine, na mgongo wako ndio utakaolipa. Peleka chuma chako kwa mfanyabiashara wa nafaka sokoni, kipime kila upande kwenye mizani yake, kisha andika uzito ubavuni kwa rangi. Asiye na chuma ana dumu la lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni mzigo unaoweza kuuongeza kilo moja moja, jambo ambalo zege haliruhusu. Usilijaze mchanga ukadhani uzito ni uleule. Mchanga ni mzito kuliko maji kwa zaidi ya nusu.

Sasa daftari. Daftari la shule linatosha. Tuseme kijana wa bodaboda wa Mugumu anafanya zoezi la kuchuchumaa na kusimama akiwa amekumbatia dumu kifuani. Ukurasa wake ungesomeka hivi: “Jumatatu. Kuchuchumaa, dumu lita 15: 10, 10, 8. Akiba 2. Jana palizi kutwa.”

Mstari huo mmoja una kila kitu. Namba tatu ni marudio ya kila mzunguko. “Akiba 2” maana yake ni kwamba alipoacha, alihisi angeweza kurudia mara mbili zaidi. Akiba ikiwa sifuri kila siku, anajichosha bure. Ikiwa 6, anajidanganya. Na neno “palizi” lisidharauliwe. Watu wetu hawatoki ofisini kwenda jimu. Wanatoka shambani, mnadani, au kwenye mashimo ya uchimbaji mdogo huko Nyamongo. Aliyeshinda na jembe akipata 8 badala ya 10 hajadhoofika, amechoka. Asiyeandika kazi za mchana atausoma vibaya ukurasa wake.

Kuandika bila kusoma ni kupoteza wino. Kabla ya kuanza, fungua ukurasa wa mara ya mwisho. Walimu wa mazoezi wana kanuni ya mbili kwa mbili: mzunguko wa mwisho ukivuka lengo kwa marudio mawili, katika siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza uzito. Kijana wetu lengo lake ni 10, kwa hiyo akifika 12 mara mbili, anaongeza lita moja. Kutoka 15 kwenda 16 ni ongezeko la karibu asilimia 7, ndani ya asilimia 2 hadi 10 zinazopendekezwa na chuo cha tiba ya michezo cha Marekani. Anayeruka kutoka lita 10 hadi 20 ameuzidisha mzigo mara mbili kwa siku moja. Namba zikishuka mara tatu mfululizo na kazi ya shamba si sababu, pumzika siku kadhaa. Kiungo kikiuma, andika kipi na kwenye zoezi gani. Mganga wa zahanati atakushukuru.

Simu nayo inafaa. Ziko programu za kuhesabia, na video ya rafiki inakuonyesha mgongo unapojipinda. Lakini daftari halihitaji bando wala chaji.

Wala jambo hili si la vijana wa vifua peke yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Bibi yako naye apate ukurasa wake: aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, na wewe uhesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Andika namba hiyo na tarehe. Rudieni baada ya mwezi, kisha mlinganishe.