Anayebadilisha Kazi Azingatie Bima Yake

Watumishi wa Serikali, wafanyakazi wa sekta binafsi na wananchi wote wanaokusudia kubadilisha kazi au kujiajiri wanakumbushwa kwamba kinga ya bima haihami na mtu. Sehemu kubwa ya kinga aliyonayo mfanyakazi imefungamana na ajira yake: mwajiri ndiye anayekata mchango, ndiye anayeongeza sehemu yake, na ndiye anayeuwasilisha panapohusika. Siku ajira inapokoma, mambo hayo matatu hukoma kwa pamoja, hata kama kadi ya matibabu ingali mfukoni.

Khatari kubwa imo katika kipindi cha katikati. Kwa mfano, mwalimu wa skuli huko Chake Chake anaacha kazi tarehe 30 Juni, akikusudia kutembeza wageni kwa gari yake mwenyewe kuanzia mwezi wa Septemba. Katika miezi ya Julai na Agosti hana mwajiri wa kumchangia, wala hajajiandikisha popote kwa jina lake. Mkewe akihitaji upasuaji katika siku hizo, au yeye mwenyewe akifikwa na mauti, ndipo familia itakapotambua kuwa kinga haikuwapo, na wakati huo hakuna la kurekebisha.

Kwanza ni matibabu. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2023, na ulianza na watumishi wa umma. Mtumishi anayeacha kazi anapaswa kuuliza, kabla ya siku yake ya mwisho, uanachama wake na wa wategemezi wake utakoma lini, na ni utaratibu upi utakaomwezesha kuendelea. Anayehamia kwa mwajiri binafsi aulize kama mwajiri huyo ana bima ya matibabu, inaanza siku gani, na kama maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga yamo ndani yake. Baadhi ya mikataba huweka muda wa kusubiri kwa uzazi na kwa maradhi ya muda mrefu kama kisukari na shindikizo la damu.

Pili ni hifadhi ya uzeeni. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) ulianzishwa mwaka 1998, na huwahusu wafanyakazi wa Serikali na wa sekta binafsi pia. Hivyo basi, anayetoka Wizarani kwenda kufanya kazi katika hoteli ya Nungwi hubaki mwanachama yule yule, kwa namba ile ile. Ampe mwajiri mpya namba hiyo mapema, kisha afuatilie taarifa ya michango yake ahakikishe kwamba hakuna mwezi uliorukwa. Anayejiajiri anaweza kuchangia kwa hiari kupitia mpango wa Mfuko huo uliowekwa kwa ajili ya wasio na mwajiri. Azingatie, hata hivyo, kwamba ile sehemu iliyokuwa ikilipwa na mwajiri, ambayo ni kubwa kuliko ya mfanyakazi, sasa haipo. Akitaka akiba yake isipungue, itambidi aifidie mwenyewe. Anayehamia Tanzania Bara ataingia katika mifuko ya huko, ambayo ni NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF, iliyoundwa mwaka 2018, kwa watumishi wa umma. Ni vyema aombe kwa maandishi taarifa ya miezi aliyokwisha kuchangia kabla ya kuondoka.

Tatu ni kinga ya kifo na ya ajali kazini. Bima ya maisha inayokatwa na mwajiri kwa kundi zima la wafanyakazi humalizika kwa anayeondoka. Baadhi ya mikataba humruhusu kuigeuza kuwa bima yake binafsi, lakini ndani ya muda mfupi uliotajwa. Aidha, anayejiajiri hana mwajiri wa kumlipa fidia akiumia. Na akiajiri msaidizi, yeye mwenyewe huwa mwajiri, na wajibu wa kumsajili na kumchangia humwangukia yeye.

Nne ni chombo cha kazi. Gari iliyokatiwa bima kwa matumizi ya nyumbani, hata iwe bima kubwa, haina kinga ile ile pindi inapochukua abiria au wageni kwa malipo. Ikipata ajali katika safari hiyo, kampuni ina haki ya kukataa madai. Msingi wa bima ni ukweli: mwenye bima hutakiwa kueleza kazi anayoifanya na namna anavyokitumia chombo chake, na kutoa taarifa vinapobadilika. Hali ni hiyo hiyo kwa boti iliyokuwa ya uvuvi ikageuzwa ya kupeleka watalii, na kwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ghala au duka.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasilisha barua ya kuacha kazi, mhusika aorodheshe kila bima aliyonayo, aandike mbele ya kila moja nani anailipia na tarehe itakayokoma, na ahakikishe kuwa mpya inaanza siku inayofuata. Asivunje bima ya zamani mpaka apate hati ya mpya mkononi. Pia ayapitie majina ya wanufaika aliyoyaandika miaka iliyopita, kwani huenda watoto waliozaliwa baadaye hawamo.

Kampuni za bima, Bara na Visiwani, husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambako mwananchi anaweza kuthibitisha uhalali wa kampuni au wakala kabla ya kulipa, na kupeleka malalamiko yake. Kila anayelipa adai stakabadhi, na aihifadhi mahali ambapo watu wa nyumbani kwake wanapajua.