Saratani ya tezi dume: mwendo wake wa polepole ndio mtaji wa wauza dawa

Maswali ya wasomaji wa Sakania kuhusu tezi dume yamerundikana, na karibu yote yanarudi palepale: kwa nini mtu aende kupasuliwa Lubumbashi wakati jirani alikunywa magome, PSA ikashuka, na leo anaendesha lori kama kawaida?

Nianze na hiyo PSA, maana hapo ndipo watu wanapodanganywa. Ni protini inayopimwa kwenye damu, na seli za tezi dume huitengeneza kwa amri ya testosteroni. Homoni huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha vyote viwili huenda kuiwasha jeni ya PSA. Kwa hiyo chochote kinachopunguza testosteroni hushusha PSA, hata kama uvimbe ungalipo. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba mgonjwa akiondolewa korodani, au akipewa estrojeni, yaani testosteroni ikipunguzwa, saratani iliyokwisha kuenea hurudi nyuma. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na tiba hiyo inatumika hadi leo. Lakini haing'oi mzizi: seli zinazosalia huongeza vipokezi, huzoea homoni kidogo, nyingine hujitengenezea yao, na PSA hupanda tena.

Sasa tazama PC-SPES, dawa ya "mitishamba" iliyouzwa Marekani kwa wagonjwa hawa. PSA zilishuka kweli. Mwaka 2002 iliondolewa sokoni: maabara zilikuta ndani yake estrojeni ya kiwandani pamoja na warfarini, inayozuia damu kuganda. Halafu mtu anapanda basi la Kasumbalesa na chupa ya plastiki isiyo na lebo, maji ya kahawia, machicha yametuama chini, anatangaza kwamba dawa yake haina kemikali. Ameipima wapi?

Magome ya Prunus africana, mti wa milima ya Kivu, yamesafirishwa Ulaya kwa miongo mingi, na tangu 1995 biashara yake iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Yalichunguzwa kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni, ambao si saratani, na yaliwapunguzia baadhi ya wanaume adha ya kuamka usiku kwenda kukojoa. Basi. Kuyauza kama tiba ya saratani ni uongo. Hata vitamini E, iliyojaribiwa kama kinga, iliwadhuru watu: katika utafiti wa SELECT, uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000, matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa walioimeza walipata saratani hii kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Na yule jirani wa lori? Saratani hii mara nyingi huenda polepole. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643, ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, katika makundi ya upasuaji, mionzi na kufuatiliwa. Baada ya miaka 15, katika kila kundi, waliokuwa wamekufa kwa ugonjwa huu hawakuzidi sana 3 kati ya 100. Mtu wa namna hiyo angekunywa hata maji ya mto angeonekana amepona, na muuza chupa angejitwalia sifa. Ila saratani ilienea kwa asilimia 9 hivi ya waliofuatiliwa, dhidi ya 5 ya waliopasuliwa. Tena kufuatiliwa huko kulikuwa kupimwa PSA mara kwa mara na kutibiwa hali ikibadilika, na wengi wao waligunduliwa mapema. Kwetu wengi hufika mgongo ukiuma, saratani imeshaingia mifupani, na hapo kuondoa tezi hakusaidii tena. Wanaosema kisu ndicho kinachoeneza saratani wamewaona hao waliochelewa.

Upasuaji una gharama zake: mkojo unaweza kuvuja, nguvu za kiume zinaweza kupungua. Mwombe daktari akueleze yote kabla hujakubali. Kwanza upimwe PSA, daktari aipapase tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na kipande cha tezi kichunguzwe maabara. Lubumbashi wapo madaktari wa njia ya mkojo. Kwa mionzi, wengine huvuka Zambia hadi hospitali ya saratani ya Lusaka, iliyofunguliwa 2007. Uliza kwanza kama mashine zinafanya kazi. Na kama umekunywa kitu chochote cha chupa, mwambie daktari jina lake na siku uliyoacha, maana warfarini iliyofichwa inaweza kukufanya uvuje damu kwenye meza ya upasuaji.