Unasafiri na mtoto peke yako? Andaa karatasi mapema

Mwezi huu tunasema na wale wanaolea watoto peke yao: mama ambaye mume alibaki Kivu, baba ambaye mke alifia njiani, dada ambaye baba wa mtoto alienda zake na hajulikani aliko. Wengi mnangoja safari. Ile siku mkiitwa, swali moja halitakosekana: mzazi mwingine wa mtoto yuko wapi, na je, amekubali?

Dada mmoja jirani yetu yalimkuta. Siku ya kuandikishwa aliulizwa juu ya baba wa mtoto. Alikuwa na hasira, akajibu: “Alikufa.” Moyoni alimaanisha, kwangu mimi huyo amekufa. Miaka ikapita. Kwenye intavyuu akasema baba alipiga simu wiki iliyopita. Sasa kwenye karatasi amekufa, mdomoni yuko hai! Faili ikasimama.

Kwa nini wanauliza sana? Juu kuna watoto wanaovushwa mpaka bila mzazi mwingine kujua, na wengine wanachukuliwa na watu ambao si wazazi. Afisa hakujui, mama. Anasoma karatasi tu.

Basi, tafuta hizi:

1. Atestesheni ya familia kutoka OPM. Angalia jina la kila mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa. Herufi moja ikikosewa, omba irekebishwe sasa, si wiki ya safari.

2. Cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Uganda, kile kikaratasi cha hospitali ni mwanzo tu. Cheti chenyewe kinatolewa na NIRA, ofisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kama alizaliwa Kongo au Burundi, usitupe kitu: kadi ya chanjo, ya ubatizo, ripoti ya shule. Vyote vinasaidia kuonyesha kwamba mtoto ni wako.

3. Karatasi juu ya mzazi mwingine. Hapa ndipo wengi wanakwama.

Kama yuko hai na mnaelewana, aandike barua ya ruhusa: majina yake na ya mtoto, mtoto anaenda wapi, na nani, kwa muda gani, na namba yake ya simu. Asaini mbele ya hakimu au wakili anayeruhusiwa kupokea viapo, na aambatanishe kopi ya kitambulisho. Wanaohamia Canada wajue kwamba nchi hiyo ina fomu yake maalum ambayo mzazi anayebaki anaijaza.

Kama amefariki, tafuta cheti cha kifo. Ikishindikana, uliza wanasheria wanaosaidia wakimbizi jinsi ya kula kiapo, na uwe na mashahidi wanaojua habari hiyo.

Kama hajulikani aliko, au anakataa, usijiandikie ruhusa wala usisaini jina lake! Nenda kwa wafanyakazi wa ulinzi wa watoto ueleze ukweli wote. Wao huangalia faida ya mtoto kwanza. Mkigombania nani akae na mtoto, mahakama ndiyo inaamua. Na Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotea, bila malipo.

4. Hati ya kusafiria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 28, unazungumzia hati hii kwa mkimbizi asiyeweza kutumia pasipoti ya kwao. Hapa unaanzia OPM, kisha uhamiaji. Zamani watoto waliandikwa kwenye kitabu cha mzazi. Hati za siku hizi zinasomwa na mashine, kila mtu na yake, hata mtoto mchanga. Usiitumie kurudi nchi uliyoikimbia.

Wanaohamishiwa nchi ya tatu hupangiwa safari na IOM, na hupewa ule mfuko mweupe wa karatasi. Huo ubebe mwenyewe mkononi, usiuchanganye na mizigo.

Mambo mawili ya mwisho. Kwanza, taja watoto wako wote, hata yule anayelelewa na bibi yake. Canada, kwa mfano, mtoto uliyemficha anaweza kuzuiwa kukufuata baadaye. Pili, kuhamishwa nchi ya tatu hakulipiwi. Anayekuomba pesa ili faili itembee ni tapeli, hata akivaa kadi shingoni.

Na yule dada? Alirudi ofisini mwenyewe, akaeleza alichosema na kwa nini. Aliogopa watamfukuza. Waliandika upya maelezo yake, wakamwomba barua ya baba. Baba alikataa mara mbili, mara ya tatu akasaini. Safari bado anaingoja, lakini anasema sasa analala usingizi, na mtoto akiuliza habari za baba yake, anamjibu ukweli.

Basi leo, kabla hujalala, toa karatasi zako chini ya godoro. Zihesabu, piga kopi, zifunge kwenye nailoni mvua isizipate. Akiba haiozi. Tuonane mwezi ujao.