Mali bila Daftari

Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katika mji wetu wa Kisangani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba raia zaidi ya 760 walikufa, na 1,700 walijeruhiwa.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya milioni 11,000. Mbona tofauti kubwa hivi? Mara nyingi majaji waliona ushahidi hautoshi.

Basi, lililoipata nchi nzima laweza kulipata jamaa moja la Kabondo. Fedha hizo zimewekwa chini ya mfuko wa serikali uitwao FRIVAO, wenye makao papa hapa Kisangani. Mjane asiye na hati ya kifo wala shahidi ataonyeshaje msiba wake?

Kwa hiyo twawasihi wazazi: wekeni pamoja hati za kifo, karatasi za hospitali, hati za kiwanja na kadi ya mpiga kura. Angalieni jina liandikwe namna moja kila mahali. Pasipo cheti cha kuzaliwa, daftari la ubatizo parokiani laonyesha mtoto ni wa nani. Karani apewe nakala. Asili ibaki nyumbani.

Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.