Saa za Radi Ziwani

Ngurumo za Ziwa Victoria hufuata saa, na saa hizo ndizo humkuta mvuvi wa dagaa akiwa mbali na mwalo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, nao upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku ardhi hupoa huku maji yakibaki na joto, na pepo zitokazo pande zote za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, zikainua hewa yenye unyevu na kujenga mawingu ya radi yanayokomaa kuelekea alfajiri. Dagaa huvuliwa usiku, hasa katika giza la mwezi, kwa taa zinazowavuta kwenye nyavu.

Kwa hiyo, kwa watu wa Pasiansi na Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, taarifa ya hali ya hewa inayofika jioni, kabla mitumbwi haijatiwa majini, ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutumia madaraja matatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Rangi hizo hazipimi wingi wa mvua peke yake, bali huunganisha uwezekano wa tukio na kiwango cha athari zake, hata angalizo la njano likaweza kuhusu dhoruba ya kuua ambayo uwezekano wake ni mdogo tu. Anayelipuuza kwa kuwa si jekundu amesoma nusu ya taarifa, na nusu aliyoiacha yaweza kumgharimu maisha.

Ukungu, yaani hali ambayo macho hayaoni hata kilometa 1, si wa kila siku Mwanza, lakini mvua kubwa nayo hufunga upeo vivyo hivyo: tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19 kati ya 43.

Mafuriko yana mwendo wa namna mbili. Maji ya vilima vya mawe vya Mwanza, ambavyo havinyonyi mvua, huteremka mitaroni kwa muda mfupi mno, ilhali ziwa lenyewe hujaa kwa miezi, kama lilivyofanya hadi Mei 2020, lilipoipita rekodi ya mwaka 1964 na kuzifuata nyumba za ufukweni bila ngurumo hata moja.