Meli Iliyopakwa Grisi Kabla ya Kuzamishwa

Kila fundi wa kiwanda cha chai, toka Kabianga hata Bomet, anajua ya kuwa mashine ikilazwa muda mrefu bila kupakwa grisi huliwa na kutu. Ujuzi huo huo ndio ulioiokoa meli ya doria ya Ziwa Tanganyika.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku kiasi cha 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hata Dar es Salaam, kisha kwa reli hata Kigoma. Mafundi watatu walitumwa pamoja nayo, mkubwa wao Anton Rüter. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza.

Urefu wake ulikuwa kama mita 70, na baadaye ikafungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg. Kazi yake ilikuwa kuchukua askari na kulinda ziwa, Wabelgiji wa Kongo wasipate kuvuka. Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Cape Town kwa reli, kwa mto na kwa kukokotwa porini. Ziliiteka Kingani mwezi wa Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari iliyofuata. Lakini Götzen hazikuikabili, wala si ajabu: ilikuwa kama mbwa wawili mbele ya kifaru.

Julai 1916 adui walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao wenyewe. Mafundi hawakuivunja. Walizipaka injini grisi nene, kila chuma mahali pake, wakaizamisha taratibu tarehe 26 Julai karibu na mlango wa mto Malagarasi. Hapana shaka walitumaini kurudi.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, nayo ikazama tena kwa dhoruba huko Kigoma. Mwaka wa 1924 Waingereza waliiinua, wakaona injini na matangi yake ya mvuke yangali mazima. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi tena, bila mzinga, kwa jina Liemba, ikichukua abiria, samaki na nafaka. Injini zile za mvuke ziliendelea hata miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa za dizeli.

Mwaka wa 1997 iliwarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Na mwezi wa Mei 2015 maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, huku kipindupindu kikiwaua. Huko wakati ule hapakuwa na gati. Wagonjwa, wazee na akina mama wenye watoto migongoni walipelekwa kwa mitumbwi hadi penye kina, ambako Liemba ilikuwa ikingoja kuwachukua Kigoma.